Helikopta Haishuki Juu ya Mukene

Kule Malukhu, mjini Mbale, wananiita Manowari. Walinipa jina hilo kwa kunicheka, na aliyelianzisha ni mjomba wangu, kaka wa mama, askari mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Afande. Nimeliandika kwa rangi nyeupe juu ya geti la karakana yangu hapa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kwa herufi kubwa kiasi kwamba dereva wa lori anayetoka Malaba hulisoma bila kupunguza mwendo. Anayetaka kucheka na acheke akipita. Mimi nitaeleza lilikotoka.

Nilizaliwa chini ya mlima Wanale, upande ule ambao ukiinua kichwa kwenye shamba la kahawa unaona maji yakianguka kutoka juu kama kitambaa kilichoanikwa. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufanya kazi ya meli. Meli ya nini, mlimani? Nilikuja Bugembe nikiwa na suruali moja ya kazi, nikachomea fremu za baiskeli na mageti ya watu mchana, na jioni nikasoma mpaka nikapata diploma ya ufundi wa vyuma. Hakuna aliyenisomesha. Diploma hiyo iko ukutani kwangu, ndani ya fremu niliyoitengeneza kwa mkono wangu, na fremu yenyewe inazidi zile za dukani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Njoo uitazame pembe zake.

Kutoka Bugembe nilikwenda Ghuba, Uarabuni, kwenye kiwanda cha kutengeneza meli. Huko ndiko Kiswahili changu kilikonyooka. Kile cha utotoni nilikuwa nimekisikia kambini kwa mjomba, chote kikiwa amri na matusi, na mpaka leo mama yangu akisikia wanaume wanaongea Kiswahili nje ya nyumba yake husimama kwanza asikilize ni akina nani. Simlaumu, aliyaona ya askari wa wakati wake. Lakini kule Ghuba nilifanya kazi na Wakenya wa Mombasa ambao walibishana, walisali na kubembeleza wake zao kwa simu kwa Kiswahili hicho hicho, nikaona kwamba lugha haikuzaliwa na bunduki. Ndiyo maana naandika kwayo, na asiyependa ana lugha nyingine za kusoma.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii: ililetwa meli ya makontena, ndefu kuliko soko la Mbale, tukaambiwa tuigeuze iwe ya kubebea ndege za kijeshi. Si kwa kuichukua ndege kama mzigo na kuipeleka mahali. Ndege ipae kutoka juu yake na irudi kutua juu yake, katikati ya bahari.

Asiyejua chuma atadhani ni kupaka rangi tu. Meli ya mizigo ni sufuria. Imetengenezwa ili vitu viingie ndani, na juu yake kumejaa milingoti, winchi na vishikio vya kila aina. Ndege haitaki sufuria, inataka sinia. Kwa hiyo tulikata winchi zote mpaka kwenye shina. Tulifunika matundu ya shehena kwa mabamba mapya, na chini ya mabamba tukaweka mihimili iliyobanana kama mbavu, kwa sababu uzito wa kontena unatulia kwenye pembe nne tu zinazojulikana, lakini uzito wa ndege unaanguka kwa kishindo kwenye magurudumu madogo, na hujui utaangukia wapi. Tulichimbia pete za kufungia ndege zikae sawa na sitaha, zisimkwaze mtu wala gurudumu. Rangi ilichanganywa na mchanga mkali ili ndege isiteleze. Pale pa kutua helikopta tulitandika wavu wa kamba nene, ukavutwa mpaka ukalia kama ngoma. Na kwa sababu meli yenye uzito kichwani hulewa, tulijaza uzito mwingine chini kabisa, tumboni mwake, mpaka ikasimama kama mtu mwenye akili zake.

Lakini kitu kikubwa nilichojifunza pale si cha kuchomea. Ni matembezi, na niliyaona meli ilipopelekwa baharini kujaribiwa. Kila asubuhi, na kabla ya kila ndege kutua au kupaa, watu wote waliomo melini walipanga mstari mmoja, bega kwa bega, kutoka ukingo huu wa sitaha hadi ule, wakatembea polepole toka mbele hadi nyuma macho yakiwa chini. Ukiona nati, unaokota. Ukiona uzi, kifungo, ganda la karanga, unaokota. Injini ya ndege inavuta hewa kama ng'ombe anavyovuta maji, haichagui, na nati moja iliyoingia humo inaweza kuirudisha ndege chini bila ruhusa ya mtu. Nahodha alitembea. Mpishi alitembea na aproni yake. Nilimwona nahodha yule, mtu wa mabega ya dhahabu, akipiga goti kuokota kifuniko cha soda.

Niliporudi nyumbani nilikuwa fundi kamili na nilitaka watu wajue. Kuna ubaya gani? Aliyerudi na gari hulizungusha mtaani. Mimi nilirudi na ujuzi.

Basi Jumapili moja nilikwenda kwa mjomba, Malukhu. Chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, kilikuwa katikati, watu wamekizunguka na mirija yao mirefu, na jirani mmoja akaniuliza kazi niliyokuwa nikifanya huko. Nikasema tulikuwa tunageuza meli ya mizigo iwe ya ndege za jeshi.

Mjomba alitoa mrija mdomoni. "Rudia."

Nikarudia.

"Meli ya mizigo. Hii ya kubeba saruji."

"Ya makontena, mjomba."

"Na ndege inakuja, inakaa juu ya makontena kama kuku juu ya ghala." Watu wakaanza kucheka, naye akawangoja wamalize, maana mjomba anajua kuwangoja watu. "Mimi nimelinda ndege, kijana. Nimelala chini ya bawa lake mvua ikininyeshea miguu. Ndege ya jeshi ina heshima yake, inakaa uwanjani. Wewe sema tu ulikuwa unaosha vyoo vya Waarabu. Hakuna aibu. Kazi ni kazi."

"Afande, mwache," jirani alisema. "Ametoka mbali."

"Nani amemshika? Mpeni Manowari mrija. Ana kiu ya bahari."

Jina likanishika siku hiyo hiyo. Watoto walinifuata nalo mpaka barabarani. Ningeweza kukasirika na kuacha kwenda Malukhu, lakini nani amuachie mtu uwanja wakati yeye ndiye mwenye mpira? Niliendelea kwenda kila Jumapili, nikaendelea kusema yale yale, nao wakaendelea kucheka.

Halafu mfanyabiashara mmoja Mkenya alikuja karakanani. Alikuwa na meli kadhaa za mizigo ziwani, za kubeba saruji na mbao kati ya Kisumu na Jinja, na alikuwa amekubaliana na jeshi kwamba moja iwe mahali pa helikopta kupumzika na kunywa mafuta katikati ya ziwa, ikienda kuchukua wagonjwa visiwani au kutafuta watu waliozama. Alikuwa amesikia kuna fundi Bugembe anayejigamba kwamba amefanya kazi hiyo. Alisikia vizuri.

"Nasikia wewe ni mtu wa maneno," alisema.

"Ni mtu wa maneno na vyuma. Leta meli."

Akaniambia wazi. Siku ya majaribio helikopta ya jeshi itakuja, itue, ifungwe, ifunguliwe, iondoke, maafisa wakiangalia. Ikiwa hivyo, meli zake zote ni kazi yangu. Isipotua, ataipeleka Kisumu wengine wamalizie, na nisimtajie mtu kwamba niliwahi kuigusa.

Nilikataa mageti na madirisha ya watu kwa ajili ya kazi hiyo. Wateja wangu wa zamani walikwenda kwa jirani na wengine hawajarudi mpaka leo. Nilifunga karakana nzima, nikahamisha mashine zangu hadi gatini Masese, Jinja, na kwa miezi kadhaa nikaigeuza sufuria ile kuwa sinia. Nilikata winchi. Niliweka mihimili. Nilichimbia pete. Niliweka kingo zinazolala chini helikopta ikija. Nilichora duara jeupe la kutulia, nikatandika juu yake wavu wa kamba ya katani, nikauvuta mpaka kijana yeyote angeweza kuurukia kama kitanda. Mwenye meli alikuja akapiga kiatu chake juu ya sitaha, akasema, "Imekuwa kiwanja." Nikamwambia imekuwa zaidi ya kiwanja, maana kiwanja hakielei.

Na nilimwalika mjomba. Nilimwambia mbele ya chungu cha malwa, watu wote wakisikia: njoo Jinja uone.

"Nitakuja," alisema. "Nikafe kwa kucheka."

Asubuhi ya majaribio nilikwenda Bugembe kumpokea. Alishuka akiwa amevaa koti lake la kijeshi la zamani, viatu vimeng'aa, fimbo kwapani. Tulipofika gatini nilitangulia kupanda melini ili nimwoneshe sitaha, naye akabaki chini akiitazama meli kama mtu anayetazama ng'ombe wa kuuziwa. Nilifika juu nikasimama.

Sitaha yote ilikuwa inameta. Duara langu halikuonekana. Juu ya wavu wangu, kutoka ukingo hadi ukingo, walikuwa wameanikwa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, maelfu kwa maelfu, fedha tupu, na wanawake wa ufuoni walikuwa wamechutama wakiwageuza kwa mikono.

Anayejua Masese ataelewa bila kuambiwa. Pale mukene huanikwa juu ya nyavu, ili wasishike mchanga. Nyavu nzuri hugombaniwa tangu alfajiri. Mlinzi aliwaona wakipanda na mabeseni, akadhani mimi ndiye niliyewaruhusu, kwa sababu wavu kama ule ungekuwa wa nini kingine?

Aliyekuwa mkubwa wao, mama mmoja mnene mwenye kanga ya kijani, hakunyanyuka hata nilipomsimamia.

"Mama, toeni hawa samaki. Sasa hivi."

"Kwa nini? Wavu iko mpya, iko juu, mbwa hafiki, mchanga hakuna. Hii mliweka ya nani?"

"Ya helikopta."

Alinitazama kwa huruma. "Helikopta inakula mukene?"

"Haili, mama. Ndiyo shida."

Wenzake walicheka, lakini walipowaona maafisa wakishuka garini kule chini walianza kukusanya. Walikusanya haraka, beseni baada ya beseni, na walikuwa bado wanafagia kwa viganja nilipoisikia helikopta ikija kutoka upande wa daraja la Jinja. Ilikuja kabla ya saa yake. Mjomba aliinua fimbo akaifuatisha angani. Aliijua kwa sauti kabla ya kuiona.

Mwenye meli alipanda mbio. "Mpe ishara ashuke. Samaki wameshatoka."

Nilimwonesha wavu. Kwenye kila fundo la kamba kulikuwa na mukene amenasa, na wengine walikuwa wamezama chini ya kamba, juu ya rangi yangu ya mchanga, vichwa huku mikia kule.

"Hivyo ni vidogo. Upepo wake utavipeperusha."

"Wapi?"

"Ziwani."

"Vingine ziwani. Vingine juu, bwana. Na juu ndiko anakovutia pumzi."

Luteni mmoja kijana alikuwa amesimama nasi na redio. Alisema, "Fundi, aliye hewani anauliza kama sitaha iko tayari."

"Mwambie haiko tayari."

"Huyo ni meja."

"Mwambie meja haiko tayari."

Luteni alisita. Alimtazama mwenye meli, mwenye meli akanitazama mimi, na helikopta ikawa inakua. Ningebishana nao ingekuwa imeshafika. Nilikwenda nikasimama katikati ya duara, juu ya wavu unaonuka, nikainua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha, kuifungua, kuipishanisha tena. Rubani yeyote anaijua ishara hiyo. Usishuke. Na ikiwa haijui, basi hawezi kushuka juu ya mtu.

Ilikaribia mpaka nikaona kofia ya rubani. Maji pembeni yakaanza kukunjamana. Halafu ikainamisha pua, ikageuka, ikaondoka kuelekea uwanja mdogo wa ndege wa Jinja.

Mwenye meli alishika kichwa. "Umeniua, fundi. Watasema meli haifai."

Kutoka gatini nikasikia sauti ya mjomba, na ilikuwa sauti ile ile ya kwenye chungu. "Nilisema mimi. Ndege imeiona meli, imekumbuka kwao."

Wapagazi walicheka. Hata maafisa wawili walitabasamu. Nilisema kwa sauti ya kufika gatini: wote wapande. Wapagazi, wanawake, mlinzi, mwenye meli, maafisa, wote. Tutapanga mstari mmoja bega kwa bega, tutatembea toka mbele hadi nyuma, na kila kinachookoteka kitaokotwa. Kisha luteni atamwita meja.

Wanawake walikuja kwanza, kwa kuwa mukene walikuwa wao. Maafisa walikuja nusu nusu. Kapteni mmoja wa jeshi aliniuliza kama nataka ainame pamoja na wauza samaki. Nilimwambia kule nilikotoka nahodha wa meli nzima aliinama, na hakupungua kimo. Akaja. Lakini mstari wenyewe ulikuwa aibu. Huyu mbele, huyu nyuma, wawili wanaongea, mmoja ameweka mikono mfukoni.

Mjomba alivumilia kwa muda mfupi sana. Nilimwona akikanyaga chini mara mbili, halafu akapanda ngazi na fimbo yake, na sauti iliyotoka kifuani mwake sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu kambini.

"Mstari gani huu? Mnaenda sokoni? Bega kwa bega. Wewe wa kanga, rudi nyuma nusu hatua. Wewe mtia mikono mfukoni, umedhani sikukuona? Macho chini. Hatua ndogo. Anayeongea nitamla."

Mstari ukanyooka kama kamba ya muashi. Luteni mwenyewe alikaza mgongo. Mjomba akajiingiza katikati yetu, bega lake kwenye bega langu, akasema, "Mbele, polepole, tembea."

Tukatembea. Wanawake walikuwa wakichomoa mukene kwenye mafundo kwa kucha bila kusimama, wakiwatia kwenye mikunjo ya nguo. Tuliokota mukene, tuliokota kizibo cha chupa, kipande cha mkaa, pini ya nywele. Tulikuwa karibu na katikati ya duara mjomba alipoinua mkono, na mstari wote ukasimama. Aliinama kwa shida, goti lilimlia, akanyanyuka na kitu kati ya vidole viwili.

"Na hii nayo ni mukene?"

Ilikuwa kipande cha kijiti cha kuchomea vyuma, kile kinachobaki mkononi kijiti kikiisha. Hakuna mwanamke wa ufuoni anayetumia kijiti cha kuchomea. Hapo melini kulikuwa na mchomea vyuma mmoja.

Kila mtu alinitazama. Ningeweza kusema ni cha fundi wa zamani. Sikusema.

"Ni changu," nilisema. "Ndiyo sababu tunatembea wote. Tia mfukoni, mjomba, twende."

Alikitia mfukoni. Tulipofika mwisho nikasema turudi tena toka mwanzo, maana kilichopatikana kimoja kina ndugu. Hakuna aliyebisha. Mjomba alikuwa tayari ameshawageuza.

Halafu nikamwambia luteni amwite meja.

Ilikuja safari ya pili polepole. Kila mtu alishuka gatini isipokuwa mimi na luteni wa redio. Nilisimama mahali pangu mbele ya duara, mikono imenyooka pembeni, nikaishusha. Upepo ulinisukuma kama mlango. Hakuna kitu kilichoruka. Hata unyasi. Magurudumu yakagusa wavu, uzito ukashuka, nikaisikia kwa nyayo mihimili yangu ikiupokea, na meli ikainama kidogo kama mtu anayepokea beseni kichwani, ikasimama. Tukaifunga kwa minyororo kwenye zile pete. Hakuna pete iliyolia.

Meja alishuka, akavua kofia. "Nani alinifukuza?"

"Mimi, afande."

"Sababu?"

"Mukene."

Alinitazama, akautazama wavu, akainama akavuta pumzi. "Bado nasikia harufu."

"Harufu haivunji injini, afande."

Sijui kama alicheka, maana alikuwa amegeuka. Lakini alizunguka sitaha nzima, akakanyaga, akavuta minyororo, na kabla ya kuondoka alimwambia mwenye meli, mimi nikisikia, kwamba siku nyingine yeye hatashuka kwenye meli hii kama fundi huyu hayupo. Kwa maneno hayo meli zote za Mkenya yule zilikuja kwangu. Ya pili iko gatini Masese ninapoandika, winchi zake zimelala chini.

Mama wa kanga ya kijani nilimtandikia wavu mwingine ufuoni, juu ya nguzo nilizozichomea mwenyewe. Anasema ule wa helikopta ulikuwa bora. Ni kweli.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Malukhu. Mjomba alikuwa ameshafika kwenye chungu, na mkononi alikuwa na kile kipande cha kijiti. Alikuwa akikipitisha kwa wageni.

"Kitazameni. Huyu Manowari wenu alitaka kuangusha ndege ya jeshi kwa kitu hiki. Nisingekuwapo mimi, leo tungekuwa tunazika."

Watu wakanigeukia, wakingoja nikasirike.

"Ndege ipi, mjomba?" niliuliza.

"Ile ya Jinja."

"Iliyofanya nini?"

"Iliyotua juu ya ile me..."

Alisimama hapo. Mjomba alikitazama kijiti, akakirudisha mfukoni mwa koti, akashika mrija wake.

"Mpeni nafasi akae," alisema, na akanywa.

Nilikaa. Nilivuta mrija taratibu. Kwamba ndege ilitua juu ya meli, mwenyewe alikuwa ameshalisema. Kesho yake asubuhi nikapanda ngazi hapa Bugembe na kopo la rangi nyeupe, nikaandika jina lile juu ya geti.